Eda ya Mke wa Redioni

Juzi jioni nilikuwa jikoni kwangu hapa Kilwa Masoko, nimekalia mbuzi nakuna nazi, nikasikia kilio kinatoka sebuleni. Kilio hasa, cha watu wazima. Nikaitupa nazi, nikakimbia na chembe za nazi mkononi, moyoni nasema leo simu ya msiba imeingia. Nafika, nawakuta wakaza wanangu wawili na wajukuu wamejipanga mbele ya luninga, kamasi zinawachuruzika. Kumbe tamthilia. Mwanamke wa Kituruki, kabandikwa Kiswahili mdomoni, katupiwa masanduku nje na mumewe.

"Bibi, kaachwa masikini!" mjukuu wangu wa kike akaniambia.

"Kaachwa talaka ngapi?"

Wakanigeukia wote, wakanitazama kama nimeuliza bei ya mwezi. Mmoja akacheka. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kujua. Nikarudi kwenye mbuzi yangu, lakini nazi haikukunika vizuri tena. Mawazo yalishanitoka, yakaenda zake Kiranjeranje, kwenye uwanja wa nyumba ya baba yangu, Jumapili baada ya sala ya alasiri. Pale, rafiki yangu, swali langu ndilo lingekuwa swali la kwanza, na watu wangegombana kulijibu mpaka ugali upoe.

Nikwambie mapema: shule mimi niliishia darasa la tatu. Nyumba hii ya tofali nimeijenga kwa kuuza ng'onda, samaki wa kukausha, na korosho, sikujengewa na mwanamume yeyote, na luninga hiyo wanayoililia nimeinunua mimi. Kwa hiyo sisemi haya kwa wivu wa vyombo vya kisasa. Nasema kwa sababu niliona.

Kijijini kwetu siku hizo redio ilikuwa moja, na ilikuwa ya baba. Aliinunua msimu ambao mikorosho ilizaa mpaka matawi yakalala chini. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari, si kama zamani kila mtu na pori lake, kwa hiyo redio ikikohoa kwetu, nyumba ya saba wanasema pole. Baba aliifungia waya mrefu mpaka juu ya mti wa nguzo. Betri zikichoka alizianika kwenye ungo juani kama mtu anavyoanika mtama, na ole wako kuku azisogelee. Watu walimwita Mwenye Redio. Aliitikia huku anatazama pembeni, kama asiyefurahi, lakini mwendo wake ulibadilika tangu siku ile.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mchezo wa redio. Wanawake walianza kuja jua likiwa bado kali. Kila mmoja na kazi yake mkononi, maana mwanamke wa kwetu kukaa mikono mitupu ilikuwa aibu: huyu anasuka ukili wa mkeka, huyu anachambua mbaazi, huyu anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, ya moto, anajipuliza vidole. Mama alitandika mikeka yake uwanjani. Harufu ya ming'oko, harufu ya miyaa iliyoloweshwa, vumbi lililonyunyiziwa maji. Wanaume walikaa barazani na baba, wanajifanya wanaongea mambo ya ufuta. Uongo mtupu. Walikuwa wanasikiliza kuliko sisi.

Na wala usidhani watu walisikiliza kimya. Kimya kilikuwa cha khutba. Mchezo wa redio ulijibiwa. Mume wa redioni akidanganya, jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde, alimwambia hapo hapo: "Muongo wee! Jana ulikuwa wapi?" Mke wa redioni akinyamaza, aliambiwa asinyamaze. Mama mkwe wa redioni aliapizwa. Bibi yangu mzaa mama, ambaye nyumba yake ilikuwa mwisho wa kijiji, alikuwa na msemo wake: "Redio haina masikio, lakini waliokaa nayo wanayo." Mimi nilikuwa mtoto, nikidhani ni maneno tu ya wazee.

Mwaka huo ndio baba alimwacha mama.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa dada yake mama alivunja ungo, na mama ndiye aliyekuwa somo wake. Somo hawezi kuondoka kwa mwali, hilo kila mtu wa kwetu anajua. Akishaingia ndani kumfunda, ni mpaka mwali atolewe. Sasa huku shambani mahindi yalikuwa yanakomaa, na zamu ya kuwinga ngedere ilikuwa ya mama. Baba alikuwa amekwenda kijiji cha Pande kwa mambo yake. Ngedere nao hawana adabu, hawasubiri mwali atoke. Baba anarudi, anakuta mabua yamesimama kama vijiti vya ufagio. Akafuata mpaka kwenye uwanja wa shughuli, ngoma inalia, wanawake wamejaa, akamwita mama kwa jina lake na kumtamkia talaka mbele ya kadamnasi. Moja. Akageuka, akaondoka.

Ngoma ikanyamaza. Hilo sitalisahau, ngoma ilivyonyamaza.

Mama hakulia. Alimaliza kazi ya somo mpaka mwisho, mwali akatolewa, ndipo akaja nyumbani kukusanya vilivyo vyake: sufuria, kinu, na mikeka yote, maana aliisuka mwenyewe. Akaenda kwa bibi kukaa eda. Mimi nilibaki kwa baba, nikawa napika ugali wenye mabonge ambao baba aliula bila kusema neno. Kila siku nilikwenda kwa mama na kurudi. Usiku nililala naomba Mungu kitu kimoja tu: baba amrejee mama kabla eda haijaisha. Nilikuwa nimesikia wakubwa wanasema, zikipita twahara tatu basi, kamba imekatika. Twahara ni nini sikujua. Nilijua tu kuwa kuna kitu kinapungua kila siku, kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

Na baba alikuwa mtu wa kiburi. Kiburi hicho ninacho mimi leo, kimenisaidia biashara, sikitukani. Lakini kwa mume ni mzigo mbaya. Kila aliyemwendea kumsemesha alimwambia, "Yamekwisha hayo." Kaka yake alijaribu, akaambiwa hivyo hivyo. Mwalimu wa chuo, yule aliyetufundisha Kurani, alijaribu kwa mbali, akajibiwa salamu tu. Basi watu wakaacha. Huwezi kumwingilia mtu kwenye nyumba yake.

Lakini redio ilikuwa kwake, na Jumapili zilikuwa zinakuja.

Wanawake waliendelea kuja. Baba hangeweza kuwafukuza, mwenye redio moja kijijini akifukuza watu anabaki na nini? Wakaja na ukili wao na mbaazi zao. Jumapili ya kwanza baada ya mama kuondoka, wakasimama uwanjani wanatazama chini. Mikeka hakuna.

"Tukae wapi jamani?" mmoja akauliza.

"Kaa chini," akajibu yule jirani mwenye sauti. "Nyumba isiyo na mwenyewe mkeka utatoka wapi? Vumbi halimwachi mtu."

Baba barazani alikohoa. Wakakaa kwenye vumbi, wote, na kanga zao safi za Jumapili. Hakuna hata mmoja aliyekuja na mkeka kutoka kwake, Jumapili hiyo wala zilizofuata. Nyumba zao zilikuwa na mikeka, nilikuwa naiona. Ilinichukua miaka kuelewa kuwa walikuwa wamekubaliana.

Mchezo wa kipindi hicho, kama vile umepangwa, ulikuwa wa mume na mke. Mume anamsikiliza mama yake, mama anamsingizia mkwewe, fitina juu ya fitina, mpaka Jumapili moja mume akamwacha mkewe. Nakwambia uwanja ulivyolipuka! Mbaazi zilimwagika. Yule mume alitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu jirani akasema taratibu, anavuta ukili wake:

"Lakini tumsamehe huyu. Huyu katiwa maneno na mama mtu. Mama ni mama."

"Kweli," mwingine akapokea.

"Wapo wanaoacha wake zao kwa maneno ya ngedere," jirani akamalizia.

Watu waliinamisha vichwa kwenye ukili. Mabega yanacheka. Barazani wanaume waligundua ghafla kuwa mbingu ina mawingu, wakaanza kuyatazama. Baba alisimama, akaenda kurekebisha waya wa redio ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Siku zile nilikwenda kwa bibi kumsimulia mama mchezo. Yeye hakuweza kuja kusikiliza, ungekuwa msiba mwingine. Alikuwa anakaa ukumbini anasuka, bibi yuko pembeni anamenya muhogo, mimi nasimulia, na sauti za watu naziigiza. Mama hakuuliza habari za mke wa redioni hata mara moja. Aliuliza:

"Na baba yako alikaa wapi?"

"Barazani."

"Alikuwa anasikia?"

"Alikuwa anasikia."

"Akasema nini?"

"Kakohoa."

Mama akavuta ukili, akaukaza kwa kidole gumba. Bibi akatupa ganda la muhogo nje na kusema, "Anaiva huyo. Acheni moto uwake."

Zikaenda Jumapili. Kipupwe kikaingia, asubuhi tukawa tunaota moto. Mazungumzo ya wanawake kisimani yalipungua sauti kila nilipofika na ndoo yangu, nikajua mtungi unakaribia kukauka.

Ikafika Jumapili ambayo yule mke wa redioni akaolewa. Mtunzi wa mchezo, sijui alikuwa mtu wa wapi, alimwachisha mwanamke Jumapili ile, akamliza mbili tatu, na sasa kampatia mchumba mwenye gari, ngoma ya harusi inalia ndani ya redio. Pengine kwa watu wa mjini ilikuwa raha. Kwetu ilikuwa balaa. Kwetu siku za redioni zilikuwa ndizo siku zetu. Jumapili hadi Jumapili ni wiki, kwetu na kwao. Hakuna aliyefikiri kuwa mtunzi anaweza kuruka miezi kama mtu anavyoruka mfereji.

"Eda!" jirani alipiga ukelele akasimama. "Eda ya huyu mtoto haijaisha!"

"Kaachwa juzi tu, tulikuwa tunakata ufuta!"

"Haramu hiyo! Na sisi tumekaa hapa mashahidi!"

Mwanamke mmoja aliziba masikio asije akaandikiwa dhambi. Mwingine alitaka redio izimwe. Mwingine akasema isizimwe, asikie kama kuna shehe atakayethubutu kuifunga ndoa hiyo. Ghasia tupu. Katika ghasia hizo ndipo mwalimu wa chuo alipokuwa anapita, anatoka msikitini, fimbo mkononi. Wakamvamia.

"Mwalimu, simama utupe hukumu! Mwanamke anaolewa ndani ya eda!"

Mwalimu akashtuka kweli. "Mwanamke gani? Wa hapa?"

"Wa redioni."

Nikadhani atacheka. Hakucheka. Alitazama uwanja wote uliojaa wanawake kwenye vumbi, akatazama barazani, akaweka fimbo yake chini, akachuchumaa.

"Kaachwa talaka ngapi?"

"Moja," wakajibu kwa pamoja.

"Eda imebaki kiasi gani?"

Hapo mikono ikaacha ukili. Kisha yule jirani akajibu, na sauti yake, ile ya kuvuka mabonde, ilikuwa ndogo mara ya kwanza tangu nimfahamu:

"Kidogo sana, Mwalimu. Wiki hii haitoki."

Mimi mtoto, nilijua hesabu hiyo si ya mke wa redioni. Yule wa redioni eda yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Hiyo ilikuwa hesabu ya mama yangu.

"Basi sikilizeni," mwalimu akasema, na hakuwa anawatazama wanawake. "Talaka ni moja, na eda haijaisha. Huyo bado ni mke wa mtu. Mumewe akitaka anamrejea leo hii, hapa alipo, kwa kutamka tu, bila mahari, bila posa, bila kuchinja hata kuku. Lakini zikipita siku hizo, anakuwa mgeni. Atakuja kuposa kama kijana, na mwanamke ana hiari ya kumwambia sikutaki."

"Mwalimu, rudia," jirani akasema. "Wengine wako mbali, hawasikii."

Mwalimu akarudia. Neno kwa neno.

Redioni harusi bado inalia. Baba akainuka kwenye kiti chake, akaja mpaka ilipo redio, akaizima. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona akiizima redio watu wakiwa wanasikiliza. Nilijua tumeharibu. Nilijua kakasirika, kesho atasema redio imekufa na hakuna atakayekuja tena, na mama ndiyo basi.

Akavaa kofia yake. "Mwalimu, twende."

"Twende wapi?"

"Twende tu, bwana."

Wakashika njia ya kwenda mwisho wa kijiji. Wanawake wakatazamana, kisha wakasimama wote, wakajikung'uta vumbi makalioni, wakafuata na ukili wao mkononi. Baba akageuka.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Kusikiliza," jirani akamjibu. "Redio si umeizima?"

Tulifika kwa bibi kama watu wa msiba. Bibi alikuwa anamenya muhogo, akatuona, hakuacha kumenya. Baba akachuchumaa mbali, kama mkwe anavyotakiwa, macho chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Kwa heshima ya ukwe bibi hakuwa akimsemesha baba moja kwa moja. Alipitishia kwangu, maana mimi mjukuu ni mtani wake, hana aibu na mimi. Akaniita. "Mke mwenzangu, njoo. Muulize baba yako, ngedere wa huko shambani hawajambo?"

Nikamgeukia baba. Nikamuuliza. Nyuma yangu nilisikia wanawake wanabana pumzi.

"Mwambie bibi yako hawajambo," baba akasema. Kisha akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa, "Na mwambie nimekuja kumrejea mke wangu."

Sauti ya mama ikatoka ndani, nyuma ya mlango. Hakutoka. "Aliniacha mbele ya watu. Ngoma ilinyamaza. Na hilo aliseme mbele ya watu."

Watu walikuwepo. Wamejaa uwanja mzima. Baba akasimama, akavua kofia yake, akaisokota.

"Nimemrejea mke wangu," akasema.

"Sauti ndogo, baba!" jirani akadakia. "Betri imechoka? Ianike!"

Hata mwalimu wa chuo alifunika mdomo kwa kilemba. Na baba yangu, yule wa kiburi, nilimwona uso unapigana, unapigana, mpaka ukashindwa, akacheka. Akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyehitaji redio kuisikia: "Nimemrejea mke wangu! Mashahidi ni nyie nyote!"

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, nadhani Pande walisikia. Mama akatoka kajitanda kanga, hakumtazama baba, akanikabidhi mimi mkeka mmoja nibebe. Mingine ilibebwa na wanawake, kila mmoja wake, kichwani, mpaka nyumbani. Walifika, wakaitandika, wakakaa. Baba akafungua redio. Mchezo ulishaisha, zinasomwa salamu. Mpaka leo sijui kama yule mwanamke wa redioni aliolewa au ndoa ilivunjwa. Hakuna aliyeuliza.

Wale wote wamekwenda. Baba, bibi, mwalimu, jirani na sauti yake. Mama nilimzika mwenyewe kwa jasho langu, na sanda nilinunua ya bei. Lakini si wao tu waliokwenda. Ule uwanja umekwenda. Ile kazi ya kumsema mtu wa mbali ili wa karibu asikie, apate njia ya kurudi bila kudhalilika, sijui imekufia wapi. Siku hizi maneno ya sebuleni yanaishia kwenye kioo.

Ushahidi ninao. Jioni ile ile ya juzi, nilipomaliza kukuna na kukamua nazi, nikatoka uani kumwaga machicha kwa kuku. Ng'ambo ya ukuta anakaa kijana na mkewe, wapangaji. Nikamkuta kijana peke yake kakaa kwenye ngazi, kashika kichwa. Kumbe kamwandikia mkewe talaka kwenye simu, na binti wa watu kashapanda basi la Lindi kwao, tangu juzi yake. Wakaza wanangu walikuwa hawana habari. Jina la yule binti hawalijui, na wamekaa ukuta mmoja mwaka mzima.

Basi nikarudi sebuleni, nikafungua dirisha la upande wa ukuta lote, nikasimama nyuma ya makochi, nikaitazama luninga na kusema kwa sauti niliyorithi kwa watu wangu:

"Huyo mume wa Kituruki mjinga kweli! Kama ni talaka moja, si aende Lindi akamrejee mkewe? Nauli imemshinda?"

Mkaza mwanangu mkubwa akageuka, kakunja uso.

"Mama, tunaomba utulie kidogo. Hatusikii."